Korongo Walipotua Ilongero

Tangu alfajiri shingo iliniuma kwa kutazama juu. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa unakatika, mvua hakuna, na ndani tulibaki na ndoo moja ya mbegu za mtama, ya mwisho. Ukiwahi kupanda, mbegu inaishia mavumbini. Ukichelewa, mvua zetu fupi zinakuacha njiani. Baba yangu alipanda kwa kuwatazama korongo wanaokuja kutoka Ulaya: wakipita juu, subiri, wakitua shambani, mvua itanyesha ndani ya siku tatu. Bwana shamba alipokuja na karatasi zake za utabiri wa mvua nilimwambia korongo hawajawahi kunidanganya. Mdomo wangu huo!

Kukaa bure kulinishinda. Nikakusanya mabua ya mwaka jana ukingoni mwa shamba, nikayatia moto.

Saa saba mchana wakatokea, weupe wenye mbawa nyeusi, mamia, juu sana, wakielekea kusini. Walikuwa wanapita. Machozi yalinilenga. Mara wakageuka, wakazunguka, wakashuka hadi shambani kwangu.

"Mama Aneth! Leta ndoo!"

"Yote?" aliuliza mke wangu, Raheli. "Tubakize hata kidogo, Baba Aneth."

"Yote! Unataka ishara gani nyingine?"

Nikawa narusha mbegu, yeye akifuata nyuma akiburuta tawi la miiba kuzifukia. Kufika saa kumi na moja ndoo ilikuwa tupu, nami nilikuwa naimba.

Raheli hakuimba. Alisimama akiwatazama wale ndege.

"Mbona wote wako upande wa moto?"

Nikatazama. Shamba zima halikuwa na korongo hata mmoja. Walijazana ukingoni kwenye majivu, wakidonoa panzi waliokimbia moto wangu.

"Wamefuata moshi wako," alisema taratibu.

Panzi walipokwisha, korongo wakaruka kundi zima, wakaendelea na safari yao ya kusini. Mbingu ilibaki nyeupe, haina wingu hata la kusingizia.

Nikakaa chini. Nilitafuta mtu wa kumlaumu, nikamkosa. Chakula chetu cha mwaka mzima nilikuwa nimekizika kwa mikono yangu, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Raheli alikuwa amepiga magoti, akichakura vumbi kwa kucha, akitoa punje moja moja.

"Usikae hapo," alisema bila kunitazama. "Sisimizi wameshaanza kubeba."