Mshipa Uliopakwa Dawa

Alhamisi, tarehe 7 Novemba 2024. Asubuhi hiyo mji wa Pirot uliamka umepigwa na jalidi. Mapaa yalikuwa meupe, na ukungu ulikuwa umeukalia mto hata daraja halikuonekana. Saa kumi na moja alfajiri Vidoje Cekić alikuwa jikoni peke yake, amevua shati, anajipaka dawa kabla ya kuwahi basi la kwenda hospitalini Niš.

Dawa yenyewe ilikuwa jeli iliyokaa kwenye vipakiti. Miaka mitatu nyuma madaktari walimtoa uvimbe chini ya ubongo, na tangu siku ile mwili wake uliacha kutengeneza homoni ya kiume, ile inayoitwa testosteroni. Alikuwa na miaka arobaini na nne tu. Akapewa jeli, vipakiti viwili kila asubuhi, iwe badala ya kile ambacho mwili haukitoi tena. Mwaka wa kwanza ilimfaa sana. Ndevu zilirudi. Alipanda ngazi na mabomba yake ya maji begani bila kuhema, maana hiyo ndiyo kazi yake, ufundi bomba. Na mkewe Nevena, mfumaji wa mazulia, alianza tena kuimba akiwa kwenye kitanda chake cha kufumia.

Halafu mama yake, bibi Stanija, akamkuta siku moja akijipaka mabegani. Akamwambia hivyo ndivyo anavyopakwa farasi. Yeye alilea watoto wake kwa kuwasugua rakia, ile pombe kali ya plamu, kila walipopata homa. Aliwasugua ndani ya viwiko, pale mishipa inapoonekana, ili dawa ishike njia ya damu. Nyumba zote za mtaa ule zilifanya hivyo, na Vidoje hakuona sababu ya kubishana na mama. Tangu hapo jeli yote iliishia mikononi, kwenye kunjo la kiwiko cha kulia na cha kushoto.

Kipimo kilichofuata kilisema homoni imepita kiasi. Ilikuwa hamsini na nane, wakati mwanaume mwenye afya hapiti thelathini. Daktari akampunguzia, akabaki na kipakiti kimoja. Kipimo cha pili kikasema hamsini na moja, akapunguziwa hadi nusu. Na kadiri karatasi ilivyomsifu, ndivyo mwenyewe alivyozidi kwisha. Alilala mchana. Mikono ilishindwa kukaza spana. Kitandani, kwa mkewe, akawa kama ukuta.

Alimweleza daktari kwamba hajisikii vizuri. Daktari, mama mmoja mwenye haraka, alimtazama juu ya miwani, akamuuliza kama anajiongezea vipakiti kwa siri. Wanaume wengi hufanya hivyo, alisema, na akiendelea hivyo atamwondolea dawa kabisa.

Nyumbani kukawa kubaya zaidi. Kaka yake Tihomir aliiona karatasi mezani, akaenda kuitangaza kilabuni. Aliwaambia wanaume wenzake kwamba mdogo wake ana uanaume wa watu wawili, na kwamba safari zile za Niš si za daktari peke yake.

"Watu wanasema sisi wa Pirot ni wabahili," alisema, akimpiga Vidoje mgongoni. "Huyu hapa anagawa mpaka Niš."

Wanaume wakacheka, na Vidoje naye akacheka. Angeweza kusema neno moja na mambo yakaishia pale pale. Lakini neno lenyewe lilikuwa kukiri kwamba hawezi kitu, na yeye aliona heri aitwe mzinzi kuliko kuitwa mtupu.

Kicheko kile kilimfikia Nevena kabla ya jioni. Hakugomba. Aliichukua karatasi, akaitazama pale juu palipoandikwa namba kwa wino mzito, akasema, "Damu imejaa. Basi usiyemtaka ni mimi."

Vidoje akajibu kwamba amechoka tu. Jibu hilo alikuwa amelitoa kwa miezi minane. Kesho yake Nevena akahamia kwa dada yake ng'ambo ya mto, na kitanda cha kufumia kikabaki sebuleni na nusu ya zulia juu yake.

Sasa, njiani kwenda Niš, Vidoje alisali. Hakuomba kupona. Aliomba namba ishuke ili mkewe aamini. Kisha akaona haya kumpelekea Mungu ombi la namna hiyo, akanyamaza.

Kwenye chumba cha kutolea damu alimkuta nesi asiyemjua, Sista Grozdana, mwanamke mnene aliyekaribia kustaafu. Alimfunga mpira mkononi, akaupapasa mshipa, akasita. Glavu yake ilikuwa inanata.

"Umepaka nini hapa?"

"Dawa yangu, sista."

"Dawa gani?"

Akamtajia. Grozdana akaiweka sindano kwenye sinia.

"Kwa hiyo mimi nichome kwenye dawa, nivute dawa, halafu tuandike kwamba ni damu yako?"

Alimuuliza amekuwa akipaka hapo tangu lini. Vidoje alisema mwaka na nusu. Nesi akaufungua mpira. Wenzake walikuwa wamepitisha pamba ya spiriti juu ya ngozi hiyo hiyo, wakachoma, wakaandika namba, na hakuna aliyeuliza. Akamshika mkono, akampeleka mwenyewe kwa daktari.

Daktari kwanza alikasirika. Alisema maelekezo yalikuwa wazi, mabegani au tumboni. Vidoje akakubali, maana kosa lilikuwa lake. Lakini Grozdana, aliyesimama mlangoni na karatasi zote za nyuma, aliomba radhi kwa kuingilia na akaonyesha mstari mwingine. Homoni ikizidi kweli, damu huwa nzito, chembe nyekundu huongezeka. Chembe za Vidoje zilikuwa zimepungua kipimo baada ya kipimo, kwenye karatasi ile ile, mistari sita chini ya namba iliyomharibia nyumba.

Daktari akavua miwani. "Ulisema hujisikii vizuri," alisema.

"Mara tatu."

Hakumwomba radhi. Aliandika kwamba aendelee na nusu ile ile, apake tumboni tu, anawe mikono kwa sabuni, arudi baada ya wiki.

Tarehe 14 alirudi akatolewa damu. Namba ilikuwa nne. Mwanaume akishuka chini ya nane, daktari alimweleza, huhesabiwa mgonjwa. Akamrudishia vipakiti viwili na kusema watapima tena baada ya wiki sita, homoni pamoja na uzito wa damu, na kwamba safari hiyo atamuuliza kwanza anajisikiaje. Vidoje alitoka nje na karatasi, akasimama barazani akingoja furaha. Haikuja. Alikuwa amepata hati yenye muhuri, inayothibitisha kwamba alikuwa mtupu. Na miezi ile ya Nevena, aliyoilala akijiona amezeeka na hatamaniki, hakuna daktari wa kumrudishia.

Alimpelekea karatasi jioni hiyo hiyo. Nevena aliisoma mlangoni pa dada yake, hakumkaribisha ndani.

"Tihomir umemwonyesha?"

"Bado."

"Basi umekuja kunionyesha mimi ambaye sikucheka."

Akamrudishia karatasi. Alisema atakuja tarehe 21 kuoka mkate, kwa sababu Malaika Mkuu Mikaeli ni mtakatifu wa nyumba ile tangu babu zao, na mtakatifu huyo hajamkosea yeye kitu.

Akaja kweli. Siku ya sikukuu mshumaa mrefu uliwaka katikati ya meza. Padri aliukata mkate kwa alama ya msalaba na kuutia divai, nao wakaugeuza pamoja huku wameushika wote. Walikuwepo bibi Stanija, Tihomir, na mzee Blagoje aliyewasimamia Vidoje na Nevena harusi yao. Nevena aliandaa meza kama mpishi wa kuazimwa, anaweka sahani na kuondoka, hakai. Padri alipoketi, Tihomir akainua glasi, akasema wanywe kwa afya ya dume la Niš.

Mkono wa Nevena ulikuwa umeshika bakuli la supu. Ukasimama hewani.

Vidoje aliinuka. Katika moyo wake aliomba neno moja tu, asicheke tena.

"Hakuna mwanamke Niš," alisema. "Kuna daktari. Walikuwa wanapima jeli mkononi mwangu wakidhani ni damu. Damu yenyewe ina nne, Tihomir. Mzee Blagoje hapa ananishinda. Mwaka mzima sikuweza kuwa mume. Na ulipocheka nilicheka, kwa sababu niliona afadhali aibu impate mke wangu kuliko mimi."

Mzee Blagoje alitazama sahani yake. Bibi Stanija akaanza kulia, akisema ni yeye na rakia yake, na hakuna aliyembembeleza. Tihomir aliishusha glasi.

"Si ungesema tu, bwana," alinong'ona. "Mimi ni kaka yako. Tungekuelewa."

"Ungecheka zaidi, shemeji," alisema Nevena.

Vidoje, akiwa bado amesimama, akamwomba mkewe mbele ya wote arudi nyumbani. Alimwomba kwa sauti ndogo na bila kujitetea.

Nevena aliliweka bakuli mezani, akajifuta mikono kwenye aproni. Aliutazama mshumaa, hakumtazama yeye.

"Baba Padri, nisikie, na ninyi wote nisikieni," alisema. "Wiki sita zikiisha nitakwenda naye Niš. Nitakaa pale mpaka atolewe damu, na karatasi nitaisoma yote, kuanzia mstari wa juu mpaka wa mwisho. Hilo naliahidi mbele ya mshumaa huu. Kurudi, siahidi."