Mbwa Aliyeitwa Leta

Mwaka ule wa vikwazo vya nchi jirani, petroli ilikuwa adimu kuliko maji ya Zamzam, na mafundi wa baiskeli wa Bujumbura wakawa wanatembea kifua mbele. Moubarak wa Buyenzi alikuwa fundi wa baiskeli. Ila yeye hata kabla ya vikwazo kifua chake hakikuwahi kukaa nyuma.

Siku moja mzee Népomuscène, mteja wake kutoka Kanyosha, alifika kibandani na baiskeli mkono huu, mbwa mkono huu. Bunduki zilikuwa zinalia milimani kwao, na mzee alikuwa anahamia kwa binti yake Mutanga Nord, kwenye nyumba ya kupanga isiyotaka wanyama. Mbwa mwenyewe alikuwa wa kuwinda: mwekundu kama tofali, mwembamba, masikio wima, mkia umejikunja kama mkono wa kikombe. Habweki. Jamii yake haibweki, ndiyo maana wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni, wajue walipo katika majani.

"Jina lake Nzogera," mzee akasema. "Nimemufundisha mwenyewe. We ongea naye vizuri tu."

"Nzogera ni kengele kwa Kirundi, mzee wangu. Kuanzia leo anaitwa Kengele. Hapa Buyenzi hata jogoo anawika kwa Kiswahili."

Mzee akacheka, akampapasa mbwa wake kichwani kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia, akaenda zake.

Mama Khadidja, mama mzazi wa Moubarak, alimwona mgeni kabla hajavuka kizingiti cha nyumba, hapo kando ya kibanda.

"Moubarak, hiyo kitu iko na mate. Yakigusa sufuria yangu utaiosha mara saba, moja kwa udongo, na mi nimesimama hapa naangalia."

"Mama, huyu ni mulinzi."

"Mulinzi asiyebweka? Mwizi akija, atakuandikia barua?"

Baada ya siku chache za mabishano ikabidi aitwe Mwalimu Massoudi, aliyefundisha Kurani nusu ya mtaa. Mwalimu alimtazama mbwa, mbwa akamtazama Mwalimu, na hakuna aliyeinamisha macho.

"Mbwa wa kuwinda ana nafasi yake," Mwalimu akasema, "lakini awe amefunzwa. Aliyefunzwa anakamata, hali, anamuletea bwana wake. Akila, amejikamatia mwenyewe."

"Basi Ijumaa, baada ya sala," akasema mama. "Akileta, akae kibandani. Akila, atafutiwe pa kwenda, yeye na kengele yake."

Moubarak alikubali kwa sauti kubwa, kama mtu asiye na wasiwasi. Kumbe wasiwasi ulikuwa umemjaa. Tayari alikuwa amezoea kumtoa mbwa kupe jioni na kumpikia ugali laini wenye vichwa vya ndagala, dagaa wa ziwani. Na alipokaa kuziba mpira, Kengele alikuja kuweka kidevu juu ya kiatu chake, akapumua kwa nguvu kama mtu aliyefika nyumbani. Tangu milio ya bunduki ianze kuingia katika usingizi wa watu, ni kidevu kile tu kilichomtuliza Moubarak.

Basi wakaanza mafunzo. Moubarak alifunga kipande cha ngozi ya mbuzi kwa kamba, akakirusha mbele ya kibanda. "Leta!" Kengele akaruka, akakikamata, akalala chini, akakitafuna. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa, vilevile na kamba pia.

Shida ikawa neno lenyewe. Kwa Kirundi, Leta ni Serikali. Na Moubarak sauti yake ilikuwa inafika sokoni.

"Leta, acha kula! Leta, rudisha! Umekula jana, unakula na leo?"

Akina mama waliotoka sokoni walisimama, vikapu kichwani, wakicheka mpaka machozi. Mtaa mzima ukawa unaulizana asubuhi: Leta amerudisha? Apana, Leta amekula tena.

"Ndugu yangu," akasema Mawazo, mchoma brosheti, yaani mishkaki, wa ng'ambo ya barabara, "unamuomba mbwa jambo ambalo halijaonekana nchi hii. Mwambie alete kwa Kirundi: 'zana'. Huyu amelelewa na Kirundi."

"We choma nyama, Mawazo. Mbwa akae kwangu, ale kwangu, halafu mi ndiye nifuate lugha yake?"

Kirundi alikijua vizuri sana. Lakini alikuwa ameshatangaza, na neno la Moubarak likishatoka lilikuwa kama ile ngozi ya mbuzi, halirudi.

Ijumaa ikafika. Mwalimu Massoudi alikuja na kanzu yake ya msikitini, mama akakaa mlangoni na tasbihi, Mawazo akaacha moto ujitunze. Moubarak akarusha ngozi.

"Leta!"

Kengele akaikamata, akalala, akaanza.

"Leta, acha kula! Leta, unaniaibisha mbele ya watu!"

Hapo ndipo askari wa doria walipokata kona. Kicheko kikakatika kama uzi. Kaporali wao, mtu mrefu mwenye macho ya usingizi, akauliza taratibu:

"Nani anamwambia Leta aache kula?"

Moubarak mdomo wake haukuwahi kujifunza kujificha.

"Ni mimi, shefu. Naongea na mbwa."

"Kumbe mbwa ndiye Leta."

"Apana, shefu. Mbwa ni Kengele. Namwambia alete, kwa Kiswahili."

"Mi naona anakula." Kaporali akachomoa brosheti moja kwenye moto wa Mawazo. "Narusha hii. Akiileta, nimekuelewa. Akiila, umempa mbwa jina la Serikali, na tutaenda kuongea kambini."

Akarusha. Kengele akaruka, akaikamata, akalala nayo katikati ya miguu, pua inatetemeka. Akamtazama Moubarak.

"Leta" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Moubarak akatupa jicho mlangoni: tasbihi ya mama imesimama kwenye punje moja. Akalimeza lile neno, likashuka kama mwiba wa samaki.

"Nzogera," akasema polepole.

Masikio yakainuka.

"Zana."

Kengele ya mti ikalia ko-ko-ko barabarani. Mbwa akaja mbio, akaweka brosheti juu ya kiatu cha Moubarak, nzima, bado inatoa moshi.

Kaporali akacheka mpaka bunduki ikamcheza begani. "Mbwa wako anajua Kirundi kuliko wewe unavyojua kunyamaza. Mpe mshahara wake." Wakaenda zao bila kulipa.

Walipokwisha kupotea kona ya pili, Mawazo akahesabu vijiti vyake, akanong'ona: "Leta amekula."

Mtaa ukaangua kicheko.

"Amefunzwa," akasema Mwalimu Massoudi, akifuta machozi kwa kilemba.

"Mbwa, ndiyo," akasema mama. "Huyu wangu bado kidogo." Akaingia ndani.

Jioni Moubarak alikuwa anakaza mnyororo, kidevu kile juu ya kiatu chake, aliposikia sauti ya mama kutoka jikoni, na sauti ile ndiyo iliyoizaa ya kwake.

"Moubarak! Njoo uchukue chakula cha Leta kabla hakijapoa!"

Moubarak akaweka spana chini, akachungulia barabara, juu na chini. Kisha akainuka, na kengele ikamfuata.