Geti Lililomfuata Dakta

Dobi alikuwa kibarazani akipiga pasi shuka za wateja geti la chuo lilipofika. Lilisimama mbele ya nyumba na nguzo zake za marumaru, maandishi ya dhahabu juu, na mlinzi wake kwenye kiti cha plastiki. Dobi alisogeza kamba ya nguo, akaendelea na shuka.

Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Dakta tangu alipoanza chuo, alitoka na mswaki mdomoni.

“Limekufuata,” alisema dobi.

“Naliona, baba.”

Mlinzi alimdai kitambulisho kabla ya kumruhusu apite kwenda kusukutua.

Lilikuwa geti zuri, haki ya Mungu. Wakati wa kuchagua chuo, baba yake alimwonyesha kingine, kile cha nyuma ya stendi, ukuta umebanduka rangi lakini mashine za eksirei zinafanya kazi. Dakta alilia kutwa: angepigaje picha mbele ya ukuta ule? Akachagua geti. Ndani alimkuta mhadhiri mpole aliyewachorea mashine ubaoni kwa chaki za rangi. Mashine yenyewe ilikuwa njiani. Ilikuwa njiani mpaka akahitimu.

Sasa kila alikoitwa kwenye usaili, geti lilitangulia. Katika hospitali moja lilipanda lifti. Waliomhoji walilitazama, wakatazamana, wakasema watampigia simu. Katika hospitali ya mwisho, daktari mkuu, mama mtu mzima, ndiye aliyemwambia ukweli.

“Mwanangu, uliwahi kugusa mashine?”

“Hapana, mama.”

“Basi siwezi kukuachia mgonjwa.”

Ilimuuma sana. Kazi hii aliitamani tangu utotoni, alipovunjika mkono akaonyeshwa mifupa yake mwenyewe.

Alirudi nyumbani, geti likimfuata.

“Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,” alisema dobi. Papo hapo akajuta, akamwekea chai.

“Ulinikataza, baba.”

“Na ada nikalipa. Kunywa, itapoa.”

Chuo cha nyuma ya stendi kilikuwa tayari kumpokea, aanze moja. Lakini dobi angefua shuka za mtaa mzima na bado fedha zisingetosha ada.

Jioni mama muuza mitumba wa jirani alikuja na bintiye aliyevaa gauni jipya. Msichana alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha geti. Walisikia geti liko hapa, wakaona waokoe nauli.

“Mdogo wangu,” alisema Dakta, “nyuma ya hilo geti hamna kitu. Hebu chungulia.”

Msichana alichungulia. Kulikuwa na ndoo na shuka zilizoanikwa.

“Lakini ni zuri, dada,” alisema.

Mlinzi alisimama, akakung’uta suruali, akamfungulia. Mama mtu akamkabidhi Dakta simu.

“Tupigie picha wewe mwenyeji. Maandishi yote yatokee, eh?”

Dakta alimtazama baba yake. Baba alikuwa ameinamia pasi.

“Sogea kushoto kidogo,” Dakta alimwambia msichana. “Hapo hapo. Cheka.”

Picha ilitoka nzuri sana.