Joha wa Dakika ya Sitini

Jumamosi saa kumi na nusu, Evelina alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwake, Area D mjini Dodoma, anachambua mlenda huku redio ikisoma salamu za wasikilizaji. Joha akabisha hodi. Nywele zake zilikuwa na udongo wa kaburini. Evelina akageuza ndoo, akaipangusa, akamkaribisha aketi.

"Habari za Msalato?"

"Nzuri, upepo tu." Joha akavuta fungu la mlenda, akaanza kusaidia. "Dada, nimekuja kuuliza. Kwa nini uliniua?"

"Sikukuua. Kaseti iliisha."

Joha alifikiri kidogo, akaona ni jibu la maana, akaendelea kuchambua.

Joha hakuzaliwa na mtu. Evelina alimtunga mwaka 1992, saa za mapumziko ya mchana, kwa taipureta ya ofisini alikokuwa karani. Bendi yao, Radi ya Uwanda, ilipiga muziki wa roki wenye mchezo wa kuigiza ndani yake: magitaa ya umeme, mavazi, na bati moja bovu ambalo Ambokile, mpiga ngoma, alilitikisa kila ngurumo ilipohitajika. Albamu ilimhusu binti wa Kibakwe anayepanda mlimani kumnyang'anya Mkaguzi wa Mawingu mvua aliyoifungia kabatini. Wimbo wa kumi na tatu, radi inampiga Joha, anaanguka. Wa kumi na nne, anainuka na mvua imefungwa kwenye pindo la kanga, kisha wanabendi wanatajwa mmoja mmoja, na mwisho kabisa: "Mtunzi ni mimi, Evelina."

Albamu ilikuwa ya dakika sitini na tano. Bashiri, mwenye kibanda cha kurekodi pale sokoni, aliirekodi kwenye kaseti mpya zilizomiminika tangu milango ya biashara ifunguliwe, zenye karatasi inayong'aa iliyoandikwa "90". Ndani zilikuwa za sitini. Kwa hiyo Dodoma nzima ilisikia radi, ikasikia Joha akianguka, kisha ikasikia kitufe cha redio kikiruka: tak!

Watu walilia kweli. Mama Emilia, muuza vitumbua aliyeongoza mashabiki, alitandika mikeka, akapika maharage sufuria mbili, akahesabu arobaini bila kukosea. Siku ya matanga kaburi lilionekana Msalato, limefukiwa vizuri, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe. Hakuna aliyeuliza nani kachimba. Kazi ilikuwa safi.

"Sasa shida yangu ni hii," Joha alisema. "Kaburi langu liko jirani na mnada. Kila Jumamosi nalala pale chini, harufu ya nyama choma inanipitia puani, na mdomo umejaa udongo. Dada, mimi nina miaka ishirini na miwili. Nataka kuishi."

"Nitakuandikia sehemu ya pili."

"Fanya haraka. Jumamosi ziko nyingi."

Ikachukua miezi mitatu. Uzinduzi ukafanyika Jumapili mchana, mwezi wa sita, katika ukumbi wa kukodi. Mashabiki walijaa mpaka madirishani, lakini walikuja wamejifunga kanga za msibani, wakaketi sakafuni, wakaacha viti vitupu. Optatus, mpiga gitaa wa bendi, akapiga vizuri kuliko siku zote. Hakuna aliyepiga kofi. Joha alipopanda jukwaani kuimba, Mama Emilia akainuka.

"Evelina mwanangu, sisi si watoto. Huyu tulimlilia. Mimi koo lilinikauka wiki nzima, vitumbua nikawa nauza kwa ishara. Leo unatuletea anakata viuno?"

"Shikamoo mama," Joha akasema.

"Marahaba. Nyamaza, wewe ni marehemu."

Joha akaanza kufifia kuanzia kwenye vidole vya miguu. Evelina akaona mbao za jukwaa kupitia nyayo zake, akajua wasipomkubali leo hakutakuwa na sehemu ya tatu. Akaeleza habari ya kaseti. Ambokile akaufungulia wimbo wa kumi na nne kutoka kwenye utepe halisi wa studio, wakausikia wote mpaka mwisho.

"Huo mmeutunga jana," alisema mzee mmoja wa dirishani, na wengi wakaona ana hoja.

Joha alikuwa ameshafifia mpaka magotini. Mama Emilia akamtazama, akakuna shingo.

"Haya, utaratibu upo. Aliyeliliwa kwa makosa anawapikia waliomlilia, na yeye anakula wa kwanza, mbele yao. Marehemu hali."

Wakamtoa nyuma ya ukumbi, wakampa unga wa uwele, mlenda na mafiga matatu. Moshi ukamwingia machoni, kamasi zikamtoka, na hapo tayari wengine wakaanza kulegea. Akasonga ugali kama mtu asiyewahi kusonga, maana Evelina hakuwahi kumwandikia jikoni. Akamega tonge, akachovya, akameza. Wakangoja. Akamega la pili, kubwa zaidi.

Mama Emilia akaonja. "Umeungua."

Akaonja tena.

"Marehemu hawezi kuunguza ugali namna hii. Huyu mzima!"

Vigelegele vikapasua bati. Miguu ya Joha ikarudi yote, pamoja na ndala. Ukumbi ukacheza, wazee kwa vijana, mpaka kanga za msibani zikawa za kujifunga kiunoni. Wimbo wa mwisho, Joha akafungua pindo la kanga na mvua ikanyesha humo ndani kwa dakika nne. Wanawake wakatoa sufuria na ndoo, wakapanga foleni chini ya dari bila kuacha kucheza. Mwezi wa sita Dodoma, maji hayachezewi.

Jumatatu Evelina akaenda kwa Bashiri na utepe wa sehemu ya pili. Dakika sitini na moja.

"Kaka Bashiri, kaseti zako ni za sitini."

Bashiri akainua moja, akamwonyesha karatasi. "Soma, dada."

"Tisini. Lakini ndani ni sitini."

"Mimi sikuingia ndani. Nauza kilichoandikwa." Akacheka kwa upole, akamkaribisha chai. Kibandani hapakuwa na kaseti nyingine, wala mjini.

Evelina akarudi kwa wenzake. Wimbo wa kupunguza haukupatikana. Akapendekeza watangulize majina.

"Kujitaja kabla ya kazi?" Ambokile akashtuka. "Watasema tumelewa. Majina hukaa mwisho, dada, tangu bendi ziwe bendi."

Hapo Evelina akachukua penseli, akauhamisha wimbo wa Joha kuinuka ukawa wa kwanza kabisa, dakika ya kwanza, mahali ambapo mkasi wa Bashiri haufiki. Majina akayaacha mwisho.

Jumamosi iliyofuata alikwenda mnadani Msalato. Mchoma nyama mmoja alikuwa ameweka benchi pale palipokuwa kaburi, na Joha ameketi juu yake, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko, mashabiki wamemzunguka. Redio ya muuza mkaa wa jirani ikafika mwisho wa sehemu ya pili. Sauti ya Evelina ikavuta pumzi: "Na mtunzi ni..." Tak!

"Mwisho mtamu huo," alisema kijana aliyekuwa akikata nyama. "Unaachwa hewani. Wewe dada umeisikiliza?"

"Nimeisikiliza."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho kabisa."

"Evelina!" Joha akapaza sauti, akasogea, akapigapiga benchi kwa mkono wenye mafuta. "Njoo ukae hapa!"

Watu wakageuka. "Evelina ndiye nani?"

"Ndiye aliyenitunga."

Wakaangua kicheko. Wakamsogezea Evelina sahani hata hivyo, na ndimu, na pilipili, maana shabiki mwenye mapenzi ya namna hiyo hawezi kuachwa asimame.