Bomba Chini ya Jiwe la Mama

Tangu mahakama iamue kwamba mto ni mtu mwenye haki zake, na kwamba mlezi wake kisheria ni fundi cherehani mmoja, fundi huyo hakuwahi tena kumaliza gauni kwa wakati. Watu walimpa jina la Mama Mto, na mama wa mtu si ndiye anayepelekewa mashtaka? Huyu analalamika mto umembomolea ukuta. Yule anauliza mbona mwanao mwaka huu amekonda hivi. "Mwanangu hasikii, nimemchapa mpaka mkono unauma," aliwajibu, pini mdomoni, nao wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amechoka, tena amechoka hasa.

Kusema kweli, ulezi ule uliitangulia mahakama. Wanawake wa ukoo wake ndio waliofunga kidimbwi cha juu cha mto kila kiangazi, maji yakipungua: hakuna kuvua, hakuna kuvuta maji kwa mashine, mpaka mvua. Mama yake aliwaonyesha, yeye na mdogo wake wa kiume, jiwe la humo kidimbwini ambalo chini yake maji hayakauki. Hakumwonyesha mtu mwingine.

Na chini ya jiwe hilohilo ndipo juzi alipokuta bomba la pampu limefukiwa mchangani. Hakuhitaji kuuliza ni la nani.

"Dada, miche yangu ya nyanya itakufa," mdogo wake alimwambia, macho chini. "Ndiyo tegemeo la wanangu hiyo. Wewe nyamaza tu. Nani atajua?"

Huyo ndiye mtoto ambaye yeye, dada, alikuwa akimbeba mgongoni mama yao alipokuwa kazini. Na leo asubuhi ndiye aliyempakia kwenye pikipiki, akamfikisha mahakamani, akasema atamsubiri nje.

Ndani, wakili wa mto alisoma majina ya waliotia pampu kidimbwini: mwenye kiwanda cha matofali, mwenye shamba la maua, na mwalimu mmoja mstaafu. Jaji akavua miwani, akamgeukia. "Mlezi, hao ndio wote?"

Loo! Angesema "ndiyo" tu, akaenda zake nyumbani kulala. Alitamani kulala kuliko kitu chochote. Lakini mwalimu mstaafu alikuwa amekaa palepale mbele yake, koti limempwaya, na maharage yake yanakauka kama nyanya za mwenzake. Na darajani asubuhi alikuwa ameyaona mawe ya mto, meupe, makavu, yamechomoza kama mbavu.

"Hapana, mheshimiwa. Yupo mwingine." Aliinuka kitini. "Ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Nje, mdogo wake aliinuka upesi kwenye pikipiki, akampa kofia ngumu. "Pole, dada. Umechoka, eh?"

"Nimekutaja."

Kwanza mdogo wake alimtazama kana kwamba hajasikia. Kisha akawasha pikipiki, akaondoka, hata kofia hakuidai.

Mama Mto alikaa kwenye ngazi, kofia mapajani. Wakili akatoka na tabasamu lake, akamshika mkono, akasema leo mto umepata mtu wa kuusemea kwelikweli. "Haya, asante," alijibu. Wakili alipotaka kumpa lifti, alikataa. Alisema kuna mtu anamsubiri. Labda mdogo wake atarudi kuchukua kofia yake.