Ringi Isiyozunguka

Spana ilikataa. Niliishika kwa mkono mmoja, kama nilivyokuwa nimewaahidi wageni, nikaivuta kuelekea kifuani, na ile ringi ya kijani chini ya springi haikusogea hata kidogo. Nikatabasamu. Nikaongeza mkono wa pili.

Wageni walikaa kwenye viti vya kukodi uani mwa karakana yangu, wamelizunguka gari dogo jeupe lililoinuliwa kwa jeki na kutolewa gurudumu la mbele. Walikuwepo mafundi wa gereji za jirani, wenye teksi, vijana wanaopenda magari yanayolala chini, na mbele kabisa alikaa mtu ambaye hao wote niliwaalika kwa ajili yake. Alikuwa na maduka ya vipuri na kila mtu alimwita Bei Moja, kwa sababu ukimwomba apunguze anakugeukia mgongo na kuhudumia mwingine. Akikubali kuweka shokapu zangu kwenye rafu zake, ningekuwa mtengenezaji. Akikataa, ningeendelea kuwachongea watu bushi mpaka nizeeke.

Shokapu zenyewe zilikuwa za kurekebishwa. Springi ya gari inakalia ringi, ringi inapanda na kushuka kwenye bomba lenye nyuzi kama za skrubu, na ringi ya pili chini yake inaibana ya kwanza isitembee. Ukipandisha ringi, gari linainuka kwa ajili ya barabara mbovu. Ukiishusha, gari linainama kwa wale wanaopenda kuonekana. Mwenye gari anafanya mwenyewe, nyumbani kwake, kwa spana moja. Hilo neno "mwenyewe" ndilo nililokuwa nauza siku ile.

"Mama apumzike kidogo, mwanaume ajaribu," mtu akasema huko nyuma, na vicheko vikapita.

Akaja fundi mmoja mwenye shingo nene. Akatema mate viganjani, akavuta mpaka mishipa ikamsimama. Ringi haikuwa na habari naye. Akanirudishia spana kwa upole, na huo upole uliniuma kuliko vicheko.

Nikapiga magoti, nikamulika kwa simu. Pale ringi inapokutana na bomba, chini ya rangi yangu ya kijani, palikuwa na kitone cha weldingi. Kidogo, cha mviringo, chenye mkia mfupi upande wa kushoto. Kila mchomeleaji ana mwandiko wake, na huu niliujua kabla sijajua kusoma.

Nikageuza kichwa. Baba alikuwa amekaa safu ya mbele, kavaa koti lake la kwenda harusini, mikono juu ya magoti. Alikuwa ananitazama kwa fahari.

Watu walimwita Mzee Gundi. Maisha yake yote alichomelea fremu za malori na springi zake, na kila nati aliyoifunga kwenye gari la mtu aliitia tone la moto isije ikalegea. Wateja walimpenda kwa hilo mpaka siku walipotaka kuifungua. "Kinachofunguka kitafunguka," alikuwa akisema, "na kitachagua mteremko." Sikumdharau. Alikuwa amewahi kukata mabati kuwatoa watu ndani ya magari, na wengine hawakutoka wazima. Hofu yake ilikuwa na sababu.

Lakini hofu hiyo haikuishia kwenye nati. Aliponipeleka shule alinichagulia na dawati. Nilipokwenda kujifunza kukereza chuma, nilimkuta mwalimu tayari ameshaonywa kwamba nina haraka. Mchumba wangu wa kwanza alikalishwa juu ya tairi akaulizwa maswali mpaka akasahau njia ya kurudi kwetu. Yote hayo kwa mapenzi, nami sikuwahi kuyatilia shaka mapenzi yenyewe. Yalikuwa yamenifika shingoni.

Macho yalipoanza kumtatiza, alinikabidhi karakana mbele ya dada yake, Shangazi yangu. "Kuanzia leo ni yako, mama," akasema. "Mimi hapa ni mgeni." Mgeni huyo alibaki na ufunguo mfukoni, na kila asubuhi nilimkuta ameshafika, ameshapanga upya vifaa vyangu jinsi anavyovipenda yeye.

Nilipoanza kuchonga hizi shokapu, alizizunguka kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua. Nilimwelekeza ringi ya pili inavyobana. Nilizifunga kwenye teksi ya jirani, nikachora mstari mweupe juu ya ringi na bomba ili ringi ikitembea ionekane, na teksi ikapita kwenye mashimo ya barabara msimu mzima wa mvua. Iliporudi, Baba mwenyewe alivaa miwani akaingia uvunguni. Mstari ulikuwa palepale. "Hm," akasema, akatoka akijifuta magoti. Mimi nikaichukua ile hm kuwa ni baraka.

Asubuhi ya uzinduzi nilikwenda kuchukua viti na spika. Nilimwachia kitambaa. "Nifute vumbi tu?" akaniuliza. "Vumbi tu, Baba." Nilipotoka nilimsikia akiimba.

Basi pale uani, mimi nikiwa bado magotini, Mzee Gundi akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akawageukia wageni wangu.

"Mmeona wenyewe," akasema. "Amevuta binti, amevuta na bwana mwenye nguvu zake. Haisogei. Kitu cha karakana hii hakilegei."

Wachache wakapiga makofi. Walidhani ndilo onyesho lenyewe. Nilitamani ardhi ifunguke, na wakati huohuo nilitamani kuirusha ile spana, na sikujua ningeanza na lipi.

Bei Moja akakuna kidevu. "Mzee, samahani. Hii si ndiyo ile ya kupandisha na kushusha?"

"Inapandishwa," Baba akamhakikishia. "Mteja anakuja nayo hapa. Naikata, naipandisha, naichomelea tena."

Uwanja mzima ukacheka. Walimcheka bila ubaya, kama watu wanavyomcheka mzee wanayempenda, na yeye akacheka nao. Mimi peke yangu nilikuwa nimevuliwa nguo. Nilikwenda mezani, nilikokuwa nimezipanga shokapu nyingine kwenye kitambaa cheupe, nikazigeuza moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa na tone, na zote zilikuwa zimepakwa rangi juu.

Bei Moja aliondoka wa mwisho. Alisimama karibu nami, akashusha sauti. "Binti, kazi ni nzuri. Nimeiona. Lakini siku nikipiga simu hapa, nani anapokea?"

"Mimi."

"Nitapita tena Alhamisi," akasema. "Siku hiyo nataka kumkuta mmoja tu."

Shangazi alikuwa anabebanisha viti. Baba alikuwa ameshavua koti na anatafuta aproni yake, akaniambia kwamba mambo yamekwenda vizuri, watu wamefurahi. Nilimsogelea mpaka nikaisikia harufu ya chai kwenye pumzi zake.

"Kwa nini, Baba?"

Hakujifanya haelewi. Hilo nampa. "Ungeua mtu," akasema.

"Zimepita kwenye mashimo msimu mzima. Mstari uliuona kwa macho yako."

"Wewe umeona msimu mmoja. Mimi nimeona miaka."

"Si ungeniambia."

"Nilikuambia. Hukusikia."

"Nilisikia nikakataa. Kukataa siyo kutosikia." Sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda na sikuizuia. "Na kama uliona ni jambo jema, mbona hilo tone ulilipaka rangi?"

Alishika aproni kwa mikono miwili. Nilidhani sasa atasema neno la kweli, hata moja, nitalipokea.

"Ili lipendeze," akasema.

Hapo ndipo hasira ilipokoma kuwa kitu ninachokisikia ikawa kitu ninachokifanya. Kama angesema aliogopa, ningelia. Kama angesema aliona wivu, kwamba mafundi walikuwa wameanza kuuliza "binti yupo?" badala ya "mzee yupo?", ningemwelewa kabisa. Lakini alinitazama usoni akanipa jibu la kumpa mtoto. Nikamwonyesha geti.

"Unamfukuza baba yako?" Shangazi akauliza.

"Namtoa mgeni asiyejua kukaa."

"Mwanangu, hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata, Shangazi. Imebaki hasira."

Baba alitundika aproni kwenye msumari wake, akachukua koti, akatoka taratibu. Siku iliyofuata nilibadilisha kitasa cha geti. Mwenye teksi aliniuliza kwa sauti ya msikitini kama ni kweli nimemfungia mzazi nje. Nikamjibu ni kweli, na kama ana nati ya kukazwa alete. Shangazi aliniletea habari kwamba mzee hali chakula, anakaa kitandani akitazama ukuta. Alizileta habari hizo kwa matumaini, na akaondoka akiwa amenikunjia uso.

Watu wengi hunisimulia hadithi hii wao wenyewe, mbele yangu, wakiifanya tamu. Mzee Gundi na ringi, wanasema, na wanashika mbavu. Siku hizi shokapu zangu ziko kwenye rafu mpaka miji ambayo sijawahi kufika, na huwa naulizwa kama sioni sasa kwamba yalikuwa mambo madogo. Baba yupo, ana afya, anapenda kuzungumza. Tunakula meza moja. Na bado nikiona lile tone dogo lenye mkia, mahali popote, kwenye geti la mtu, kwenye mguu wa kitanda, damu inanichemka upya, kwa sababu najua mkono ule ulitulia kiasi gani ulipokuwa unaliweka, na kwamba mkono huohuo baadaye ulichukua brashi ya rangi.

Alhamisi ile asubuhi nilisikia ufunguo ukichokonoa kitasa. Ukatoka, ukaingia tena. Kisha nikasikia sauti ya mtu ambaye hakuwahi kubisha geti la karakana ile tangu alipolitengeneza.

"Hodi."

Sikujibu. Nilikuwa nimesimama kwenye mashine ya kukerezea, mkono juu ya swichi. Akarudia. Hodi ya tatu ilikuwa ya chini zaidi, na baada ya hiyo mtu mwenye adabu huondoka zake. Nikasikia viatu vikigeuka kwenye changarawe. Nikaenda, nikafungua.

Alikuwa amekonda. Aliangalia kitasa kipya, kisha akaniangalia mimi, na hakukitaja. Sikumkaribisha wala sikumzuia. Nilikwenda mezani nilikokuwa nimezipanga shokapu zote, zile za maonyesho na zile nilizozifungua kutoka kwenye gari jeupe, nikaweka grainda kando yazo.

"Yatoe haya matone," nikasema. "Ni yako."

Alivaa miwani ya kazi. Alianza na ya kwanza, na cheche zikamwagika sakafuni. Nilikuwa nyuma yake nikizichonga upya nyuzi zilizoungua. Alifanya kazi vizuri. Hilo nalo liliniudhi, kwamba alijua hasa mahali pa kukata.

Bei Moja aliingia geti likiwa wazi. Akasalimia, akatazama cheche, akaelewa haraka kama anavyoelewa kila kitu. "Mzee, leo inazunguka?"

Baba alizima grainda. Alivuta pumzi, na nikajiandaa kwa hotuba. Akanionyesha kwa kidevu.

"Muulize mwenyewe," akasema.

Nilijua lilikuwa limemgharimu. Nilijua pia kwamba binti mwingine angekwenda kumshika mkono hapohapo. Bei Moja alichukua spana, akaijaribu shokapu niliyokwisha kuisafisha, na ringi ikapanda, ikashuka, ikapanda, laini, kwa mkono mmoja. Akairudisha mezani kwa uangalifu. Akauliza naweza kumletea lini za kwanza, na aliniuliza mimi.

Nikamjibu. Kisha nikanyoosha mkono kwa Baba, naye akanipa ya mwisho, bado ina moto. Nilipitisha ukucha juu ya nyuzi, polepole, mzunguko mzima. Palikuwa na kipele. Kidogo sana, mteja asingekiona, na ringi pengine ingepita juu yake bila kukwama.

"Rudia hii," nikasema.

Bei Moja akatazama viatu vyake. Baba alinitazama mimi, na alinitazama kwa muda mrefu, na sikuinamisha macho. Kisha akaipokea, akaishusha miwani machoni, akawasha grainda, akarudia.