Habari za Asubuhi kutoka Mikindani

Kila siku mnamo saa moja asubuhi, Samira akiwa bado anakaanga vitumbua vya kupeleka kwenye maduka ya Wasomali hapo Mayfair, Johannesburg, simu yake ililia, ujumbe wa sauti ukaingia na sauti ya baba yake ikajaza jiko.

"Samira mwanangu, asalaam aleikum. Leo nimeteremka sokoni mapema. Pweza wa leo mkubwa kama mto wa kulalia! Nimekaa barazani kwa Bi Somoe, tumekunywa kahawa, tumecheka mpaka machozi. Jua limepiga zile nyumba za mawe, nakshi za milango utadhani zimechongwa jana. Mchana nitakula ming'oko ya kuchemsha na pilipili, kisha nilale. Sina haraka na mtu."

Mzee Bakiri alikuwa na miaka sabini na moja. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kofia za kudarizi. Mkewe alipofariki, Samira alimleta Johannesburg, akakaa naye miaka minne katika chumba kidogo cha nyuma. Mwezi wa kwanza mwaka huu alikataa kukaa zaidi. Alisema anaishi kama sanduku lililowekwa kona, kwamba anataka kwenda kuishi kama binadamu kwenye mji wake wa Mikindani, pwani ya Tanzania. Maneno yale yalimchoma Samira, naye akajibu vibaya. Hata hivyo jamaa wa msikitini walimsomea mzee dua, wakampa zawadi, wakamsindikiza hadi kwenye basi. Samira alilia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Wiki za kwanza ujumbe ulikuwa mfupi. "Nimefika. Joto." "Mvua imenyesha." Siku nyingine hakuna kitu. Halafu, katikati ya mwezi wa pili, mzee akafunguka. Kila asubuhi akawa na jambo: arusi, ngoma, samaki, vichekesho vya wazee wa kahawa. Samira alifurahi. Akawa anawasikilizisha wanawake wenzake baada ya swala ya Ijumaa, nao wanasema, "Mwenzetu, baba yako anaishi maisha!"

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, mzee alikuwa anasimulia jinsi bahari ilivyotulia, mara nyuma ya sauti yake ikasikika kelele kali, ya kukwaruza, kama mtu anayecheka kwa kejeli. Haa! Haa-haa!

Samira akaacha mwiko ndani ya karai. Akaurudia ujumbe mara tatu. Alimjua ndege yule. Kila mtu wa Johannesburg anamjua hadeda, yule ndege wa kijivu mwenye mdomo mrefu anayeamsha mtaa mzima alfajiri.

"Baba Zamda," alimwita mumewe, "njoo usikie."

Naseeb alitoka chumbani akifunga vifungo vya shati. Alikuwa dereva wa kupeleka mizigo ya duka moja la simu, na asubuhi zote alikuwa mtu wa haraka. Akasikiliza.

"Ndege," alisema.

"Hadeda."

"Sasa? Hata Tanzania wapo."

"Mimi nimezaliwa Mikindani. Nimekulia pale. Sijawahi kumsikia huyu."

"Eish, Mama Zamda. Ndege ana mabawa. Anaweza kwenda anakotaka." Akachukua funguo za gari, akaondoka bila kunywa chai.

Kutoka siku ile Samira hakusikiliza tena habari za baba yake. Alisikiliza kilichokuwa nyuma ya habari. Siku moja alisikia honi mbili fupi, kama za teksi inayotafuta abiria. Siku nyingine mlio kama wa cherehani, ukakatika ghafla. Alimpigia kwa video. Mzee hakupokea, akatuma ujumbe kwamba mtandao wa Mikindani ni dhaifu. Alimwomba picha ya baraza. Akaambiwa kamera imeharibika.

"Basi mpe simu Bi Somoe nimsalimie," aliandika.

Sauti ya mzee ilichelewa hadi jioni. "Bi Somoe amekwenda mazikoni Lindi, mwanangu. Anakusalimu sana."

Samira alikaa kitandani na simu mkononi. Mtu aliyekwenda mazikoni, amemtumia salamu saa ngapi?

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza. Binamu yake Vuai ndiye aliyekuwa akiishi katika nyumba ya familia kule, ila yeye na Samira hawakuwa wanaongea tangu walipogombania nyumba hiyohiyo. Ilimchukua siku mbili kujishusha. Alipopiga, Vuai alipokea kwa sauti ya mtu anayesubiri ugomvi.

"Dada Samira. Unaendeleaje? Umepona?"

"Nimepona nini?"

"Si ulikuwa unaumwa? Mjomba alisema umempigia, mgonjwa, unamhitaji. Akaondoka."

"Akaondoka lini?"

"Mwezi wa pili. Kabla ya mfungo. Hakukaa hata wiki tatu." Vuai akashusha sauti. "Kwani hajafika?"

Samira alisema amefika, akakata simu. Miezi mitatu! Aliwaza mipaka yote ile ya njiani, mabasi, watu wanaomnyang'anya mzee simu. Lakini sauti ilikuwa yake. Aliwaza mwanamke: labda baba yake ameoa mahali, anaona haya. Aliwaza hata ugonjwa wa akili. Kila alichowaza kilikuwa kibaya kuliko kilichotangulia.

Jioni alimweleza Naseeb. Alitegemea aruke, ashike kichwa, aseme twende polisi. Naseeb aliweka kijiko chini taratibu.

"Vuai amesema nini hasa?" aliuliza.

"Nimeshakwambia alichosema."

"Alisema mzee amekwenda wapi?"

"Nimekwambia, alisema anakuja kwangu!"

"Basi tusubiri. Mzee ni mtu mzima," alisema Naseeb, akaendelea kula.

Hapo ndipo Samira alipoanza kumtazama mumewe. Alikumbuka kwamba tangu Idi, kila Jumamosi Naseeb alimwomba chapati nne zaidi, za wenzake kazini. Alikumbuka kwamba Jumamosi duka lilikuwa linafunga mapema. Kuna siku alisema ametoka kupeleka mzigo Randburg, lakini alirudi na nyuzi, vipande vidogo vya nyuzi nyeupe, vimemshika kwenye suruali. Samira alivitoa kimoja kimoja wakati wa kufua na hakuuliza kitu.

Ijumaa Naseeb alikuwa anaoga. Kofia yake mpya ilikuwa kitandani. Samira aliichukua, akaisogeza dirishani. Ilikuwa nyeupe, maua ya mduara, kazi ya mkono. Akahesabu petali za ua la kwanza. Nane, na moja kati ya hizo haikujazwa uzi. Ua la pili, vivyo hivyo. Hakuna fundi mwingine aliyemjua aliyeacha petali moja tupu katika kila ua. Baba yake akiulizwa, husema ua lazima lipumue.

Naseeb alipotoka bafuni alimkuta ameishika.

"Nzuri," alisema Samira. "Uliinunua wapi?"

"Marshalltown, kule mjini. Barabarani tu."

"Kwa nani?"

"Mkongo mmoja." Hakumtazama machoni.

"Sawa," alisema Samira, akamkabidhi.

Jumatatu hakukaanga vitumbua. Saa kumi na mbili alipanda teksi hadi mjini, akashuka Marshalltown karibu na robot, taa za kuongozea magari, akaanza kutembea kati ya wachuuzi waliokuwa wanapanga bidhaa zao. Baridi ilikuwa kali. Alimuulizia mzee anayedarizi kofia kwa muuza soksi, akauliza kwa dada anayesuka nywele. Dada yule, Mkongo, alicheka.

"Mzee wa bakofia? Iko kwa Gaston, tailleur, fundi wa nguo. Panda juu, étage ya pili. Lifti imekufa, mama, utapanda na miguu."

Lilikuwa jengo la ofisi za zamani ambalo sasa kila chumba kilikuwa na mafundi. Samira alipanda ngazi zenye giza. Ghorofa ya pili ilikuwa na mlio wa vyerehani vingi. Alipokaribia mlango uliokuwa wazi nusu, alisikia mwanaume akisema kwa sauti kubwa:

"Bandugu, simamisha! Mzee anaenda Mikindani!"

Vyerehani vyote vikanyamaza.

"Samira mwanangu, asalaam aleikum," ilisema sauti ya baba yake, pale pale, nyuma ya mlango. "Leo bahari imejaa mpaka barabarani. Nimetembea pembeni mwa maji hadi kule kwenye boma, miguu mitupu, viatu nimevishika mkononi kama mtoto anayetoroka chuo. Nimemkuta Shomari na bao lake. Nimemfunga, amekasirika, amenuna, halafu amenipa embe…"

Mtu mmoja ndani alicheka kwa kuzuia pumzi. Samira aliegemea ukuta. Alisikia mzee akimaliza, akimtakia siku njema. Kisha simu yake yenyewe ikalia ndani ya mkoba.

Akausukuma mlango.

Mzee Bakiri alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, kofia ambayo haijakwisha mkononi. Alikuwa mzima. Hata alikuwa amenenepa kidogo.

"Mwezi wa tano hakuna maembe Mikindani, Baba," alisema Samira.

Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengine kabisa. Gaston, mwanaume mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni, aliwafanyia wenzake ishara na wote wakatoka nje, wakivuta mlango nyuma yao.

"Nani kakwambia?" aliuliza mzee.

"Kofia."

"Nilimkataza Naseeb asiivae nyumbani."

"Kwa hiyo Naseeb anajua."

"Alinikuta kwenye swala ya Idi, uwanjani. Nilijificha nyuma ya watu, akaniona. Nilimwapisha, Samira. Usimlaumu."

"Idi umekula wapi?"

"Hapa. Mkewe Gaston, Hélène, alinipikia pilau. Haikuwa pilau, lakini alijitahidi."

Samira alianza kulia, na kilio kikamkasirisha zaidi. "Nilifikiri umekufa! Nilifikiri mtu amekuua njiani, anatumia simu yako! Unakaa nusu saa kutoka kwangu, unanidanganya kila siku asubuhi, mimi nawasikilizisha watu! Nimekukosea nini?"

Mzee aliweka kofia chini.

"Nilifika, mwanangu," alisema. "Nilifika kweli. Bi Somoe alishahamia Dar kwa wanawe, mwaka wa pili huu. Shomari amekufa. Chumba changu analala mama mkwe wa Vuai. Walimtoa kwa heshima yangu, akawa analala ukumbini, nami kila nikienda msalani inabidi nimruke. Nilikaa barazani peke yangu. Watoto wa mtaa wananiamkia, 'Shikamoo, mgeni.' Mgeni! Mimi! Siku kumi na tisa, sikupata mtu wa kuniita Bakiri."

"Si ungerudi nyumbani?"

"Kwa uso gani? Baada ya yale niliyokwambia? Watu wamenisomea dua, wamenipa na shuka." Alifuta pua kwa kona ya blanketi. "Nilisema nitakaa kwa Gaston, niliyekuwa nanunua nyuzi kwake zamani, wiki moja, nifikirie. Nikakutumia ujumbe wa kwanza ili usiwe na wasiwasi. Nilipoanza kusema, mambo yakaja yenyewe. Kule nilikuwa sina la kukuambia. Hapa, nikishika sindano, naona kila kitu: soko, kahawa, Shomari na hasira zake. Gaston na wenzake wakaanza kuningojea kila asubuhi. Nikashindwa kuacha."

Samira alikaa kwenye kiti cha fundi mmoja. Nje teksi zilipiga honi. Alimtazama baba yake, mikono yake, sindano. Hakuwa na uhakika kama ameambiwa yote.

"Kuna mwanamke?" aliuliza.

Mzee alishtuka, kisha akacheka kwa mara ya kwanza. "Nani atanitaka? Hakuna. Wallahi hakuna."

"Chukua vitu vyako."

"Nina kofia sita za arusi, za Jumamosi."

"Utazishonea nyumbani."

"Nyumbani nitaongea na nani? Wewe na vitumbua, Naseeb na gari." Alisema polepole, bila ukali. "Samira, nitarudi kulala. Lakini mchana niache nije hapa. Hapa nina kazi."

Walibishana hadi mafundi wakachoka kusubiri wakagonga mlango. Mwishowe Samira akakubali.

Na Naseeb, hilo lilikuwa jambo jingine. Jioni ile alipoingia akamkuta baba mkwe sebuleni, alisimama mlangoni na siri ya zile chapati nne za Jumamosi ikaonekana usoni.

"Aliniapisha," alisema.

"Mimi ni mkeo."

"Naye ni baba yako. Ningefanyaje?"

Samira hakumjibu kwa siku nne. Hata alipoanza kumjibu, kila mzigo wa Randburg aliuulizia: wa nani, barabara gani, utarudi saa ngapi. Naseeb alijibu yote bila kulalamika, kwa sababu alijua amestahili.

Mzee naye akawa anatoka saa mbili asubuhi na mfuko wake wa nyuzi. Samira alisimama dirishani hadi apinde kona, akahesabu dakika arobaini, akampigia Gaston.

"Amefika?"

"Amefika, mama. Iko anakunywa chai."

Alipiga hivyo kila siku, zaidi ya miezi miwili, baridi ilipozidi na hata ilipoanza kupungua. Gaston hakuwahi kuchoka kumjibu. Halafu asubuhi moja wateja wawili walikuja kwa pamoja, mmoja anataka vitumbua mia vya shughuli ya maulidi, mwingine analalamika. Samira aliposhika simu ili ampigie Gaston ilikuwa saa sita mchana. Aliitazama kidogo, akairudisha mfukoni, akaenda kuloweka mchele wa kesho.